Ua Lile Lile

"Maua ya mke wangu yanaendeleaje?"

Hilo ndilo swali la kwanza analoniuliza Mzee kila nikienda kumwona, baada ya kuniitikia "marahaba" kwa lafudhi yake ya Baltimore. Nilimfundisha salamu hiyo mwaka wa kwanza wa ujirani wetu, naye hajaisahau. Sasa anaishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, dakika 20 kwa gari kutoka kwangu. Miguu imemwisha lakini akili yake ni timamu kabisa. Kila asubuhi anamaliza fumbo la maneno la gazetini kwa kalamu ya wino. Humjibu, "Yanaendelea vizuri, Mzee," kisha namwonyesha picha kwenye simu.

Nataka kuieleza picha hiyo, kwa sababu kila kilichomo ndani yake ni kweli, na bado nadhani ni uongo.

Ua lenyewe Wamarekani huliita Susan wa macho meusi. Petali zake ni za njano iliyoiva, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na katikati kuna kitovu cha kahawia kilichokolea hadi kukaribia weusi. Hapa Maryland limekuwa ua rasmi la jimbo tangu mwaka 1918. Kuna mashindano makubwa ya farasi, Preakness, ambayo kwa kawaida hufanyika Baltimore mwezi Mei, na farasi mshindi huvishwa blanketi la maua hayo. Tatizo ni kwamba mwezi Mei hayajachanua. Kwa miaka mingi walichukua maua mengine yanayofanana nayo na kuyapaka rangi nyeusi katikati. Watu walipiga makofi, farasi alivaa, na sijasikia aliyedai kadanganywa. Nililijua hilo muda mrefu kabla halijanihusu.

Mimi nilizaliwa Muheza, chini ya milima ya Usambara. Kule kuna mmea mwingine kabisa unaotambaa vichakani na kando ya njia, wenye ua la rangi ya chungwa na jicho jeusi katikati. Sisi watoto hatukuwa na jina lake. Tulilichuma tu na kulinyonya utamu. Nilipofika Marekani nikakuta unauzwa kwenye vikapu vya kuning'iniza, tena kwa jina hilo hilo la Susan wa macho meusi. Mimea miwili isiyo na undugu, mmoja wa Afrika Mashariki na mmoja wa Amerika ya Kaskazini, imepewa jina moja kwa sababu ya jicho tu. Sisi nasi tusicheke sana, maana lugha yetu inaita ua linalochumwa na ua wa nyumba kwa neno moja.

Na ni kutoka ua mmoja kwenda mwingine maua haya yalivyonifikia. Mke wa Mzee aliyapanda mwaka 1999. Sikumkuta, nilihamia mtaani akiwa ameshafariki. Mwaka huo wa 1999 aina iitwayo Goldsturm, yaani dhoruba ya dhahabu, ilichaguliwa na chama cha wakuzaji wa mimea ya kudumu kuwa mmea wa mwaka, na kila kitalu cha miche kilijaa nayo. Alinunua miche sita. Nilipohamia, ilikuwa imejitanua na kuwa tuta zima upande wa jua, ikichanua kuanzia Julai hadi Septemba, na Mzee akikaa barazani kuitazama kama mtu anayesikiliza redio.

Mwaka 2019 nyumba yake iliuzwa. Mnunuzi alitaka kumwaga zege mahali pale ili aegeshe magari. Mzee aliniita kwenye uzio akasema, "Yahamishie kwako. Utayatunza?" Nikasema, "Nitayatunza." Hatukuandikiana, hatukushikana mikono. Ahadi ni deni, tunasema kwetu, lakini methali hiyo haikuambii deni lenyewe ni la nini hasa.

Nilichimba siku mbili. Niliyapanda upande wa kusini wa nyumba yangu, mahali panapopata jua saa nane kwa siku. Mwaka wa kwanza yalisinyaa kidogo, wa pili yakashika. Mwaka wa tatu mvua za Juni zilikuwa nyingi, na madoa yakaja.

Ni kuvu iitwayo Septoria. Huanza na vidoa vidogo vya kahawia kwenye majani ya chini kabisa, kama vile mtu amerusha matone ya kahawa. Hukaa majira yote ya baridi ndani ya majani makavu yaliyoanguka, kisha mvua ikinyesha matone hudunda ardhini na kurusha vijimbegu vyake kwenye jani lililo juu. Jani hilo nalo humwambukiza jirani yake wa juu. Hivyo ugonjwa hupanda ngazi kwa ngazi, na Agosti inapofika mmea una maua ya dhahabu kileleni na matambara meusi chini, kama bwana harusi aliyevaa koti zuri na kaptura iliyochanika.

Rafiki yangu mmoja Mkenya, anayelima nyanya na sukuma wiki nyuma ya nyumba yake, alikuja kunitembelea akaniambia maua yangu ndiyo yaliyomwulia nyanya. Nilimweleza kwamba madoa ya nyanya yanaletwa na Septoria nyingine, ya ukoo huo huo lakini si hii, na kila moja ina nyumba yake. Hakuniamini. Mpaka leo akija kwangu hukung'uta viatu anapoondoka.

Nilifanya yote yanayotakiwa. Nilipunguza msongamano ili upepo upite. Nilitandaza vipande vya magome ya miti juu ya udongo ili mvua isirushe uchafu. Nilimwagilia asubuhi, shinani, bila kulowesha majani. Vuli ilipofika (nasema vuli kwa kukosa neno, maana vuli yetu ni mvua na ya huku ni majani kupukutika) nilikata kila kitu hadi chini nikakitia kwenye mifuko ya takataka. Hapo nikagundua kwamba nimewanyang'anya wengine chakula. Vile vitovu vyeusi vikikauka hujaa mbegu, na ndege wadogo wa manjano, wa jamii ya chiriku, huja kuzidonoa wakati wa baridi. Mwaka ule walikuja, wakatua kwenye uzio, wakatazama tuta tupu, wakaondoka. Mwaka uliofuata nikajaribu kuchuma majani tu na kuacha mabua yasimame na vichwa vyake. Kazi ya kijinga ile, jani moja moja, mgongo umepinda. Hatimaye nilinunua dawa ya ukungu nikapulizia kila baada ya wiki mbili, huku nikijiuliza nyuki wanaona nini.

Madoa yalipungua, hayakwisha. Na sharti niseme ukweli: ugonjwa huu ni nadra kuua. Mizizi hubaki hai na kila mwaka mmea huchipua upya. Ni ubaya wa sura tu. Kwa hiyo sitaweza kujificha nyuma ya neno "kuokoa" katika yale niliyoyafanya baadaye.

Nikiwaza magonjwa ya mimea namwaza bibi yangu na muhogo wake. Kwetu ndiko ulikoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo, mwaka 1936, na mtafiti aitwaye Storey wa kituo cha Amani, kule juu milimani. Tangu wakati huo wataalamu walianza kutafuta muhogo unaostahimili. Ugonjwa ule una tabia ya kinyume na wa maua yangu. Majani ya muhogo yanaweza kukudanganya: juu pamesitawi, kijani kibichi, unajipongeza. Unachimba, unakata kiazi, ndani kumeoza, kahawia, kigumu kama kizibo. Chakula cha miezi minane kimeharibika bila kukuaga.

Bwana shamba alikuja akamwambia Bibi ang'oe mbegu yake ya zamani, mbegu aliyotoka nayo kwa mama yake, apande vipando vya aina mpya. Bibi hakubishana. Aling'oa, akapanda ile mpya, tukala. Lakini nyuma ya choo aliacha mstari mmoja wa muhogo wa zamani. Nilimwuliza kwa nini, akasema, "Huu mpya unashibisha. Ule nitautafuna." Kila mwaka nusu ya mstari ule ilioza, na kila mwaka alichagua mabua yaliyo mazima akapanda tena.

Bibi alikuwa na sababu nzito kuliko yangu: njaa. Mtu akiwa na watoto saba wa kulisha, uaminifu kwa mbegu ya mama yake una mpaka. Mimi sikuwa na njaa. Nilikuwa na aibu tu, aibu ya kuwa na tuta bovu mbele ya nyumba katika mtaa ambao mimi ndiye mgeni, na jirani mpya akipita anatazama majani yale meusi, kisha ananitazama mimi. Labda hakuwaza lolote. Lakini mgeni husoma macho ya wenyeji hata pasipoandikwa kitu.

Mwaka 2023 chama kile kile kilichoitukuza Goldsturm kilichagua mmea mwingine wa mwaka: American Gold Rush. Ni wa jamii ile ile, macho meusi yale yale, ila majani yake ni membamba na yana manyoya, na inastahimili Septoria vizuri sana. Mkuzaji wake ni Brent Horvath wa Illinois. Niliuona kwenye kitalu, safi kuanzia chini hadi juu, mwezi Agosti, baada ya mvua. Nilisimama mbele yake muda mrefu hadi mwuzaji akaja kuniuliza kama nahitaji msaada.

Nilinunua miche 12. Mwezi Septemba nikang'oa tuta la mke wa Mzee.

Kabla ya kung'oa nilijitetea kwa hoja, na baadhi ya hoja hizo bado nazipenda. Ya kwanza ni ya mgomba. Mgomba ukishazaa hufa. Kinachobaki ni machipukizi yake. Lakini nenda Tanga uulize mgomba huu ni wa nani, utaambiwa, "Huu aliupanda babu." Hakuna shina hata moja ambalo babu aliligusa, na hakuna anayeona amesema uongo. Hivyo hivyo tuta lile. Mmea huu hutambaa kwa mashina ya chini ya ardhi, sehemu ya zamani hufa na mpya huendelea pembeni. Mwaka 2023 hapakuwa na bua wala mzizi ambao mama yule aliushika kwa mkono wake mwaka 1999. Kama kilichobaki ni tuta, jua, rangi na nia, basi miche mipya ingeyabeba yote manne.

Hoja ya pili ilikwenda mbali zaidi. Goldsturm hata haikuwa yake. Mwaka 1937 Heinrich Hagemann, aliyekuwa akifanya kazi kwa mkuzaji maarufu wa Potsdam, Karl Foerster, aliukuta mmea huo kwenye kitalu kimoja kule Chekoslovakia, akaupenda, akaomba wauzidishe. Vita vikaingilia, na haukuanza kuuzwa hadi mwaka 1949. Kwa hesabu hiyo kila Goldsturm iliyozidishwa kwa kugawa mizizi ni kipande cha mmea ule mmoja, upo kwenye bustani za mabara kadhaa, na unaugua ugonjwa mmoja kwa udhaifu mmoja. Isitoshe, wauzaji wengi wamekuwa wakiizalisha kwa mbegu, na mbegu hazitoi mtoto aliye nakala ya mama. Kwa hiyo huenda miche sita ya mwaka 1999 haikuwa hata Goldsturm kamili. Nilikuwa nikilinda nini basi?

Hoja nzuri. Niliposhika sepetu hazikunisaidia. Hoja ya mgomba ina tundu moja, nami nililiona wakati jasho linanitoka: chipukizi la mgomba limetoka kwenye mgomba. Babu hakuuacha ukakatwa, ukaletwa mwingine kutoka dukani. Kuna uzi, hata kama mkono hauugusi. Mimi niliukata uzi. Na hoja ya Potsdam ina tundu kubwa zaidi, maana kwa mantiki hiyo hakuna mtu mwenye chochote. Pete ya ndoa imeyeyushwa kwenye kiwanda pamoja na elfu nyingine, lakini jaribu kumbadilishia mjane pete yake kwa nyingine ya kipimo kile kile uone.

Nilifanya kama Bibi. Nilibakiza kichaka kimoja, nikakipanda nyuma ya nyumba, mbali na tuta jipya. Wakati ule nilijiambia ni heshima. Sasa nadhani ilikuwa ni kama kujiwekea ushahidi wa utetezi.

Majira ya joto ya 2024 tuta lilichanua kuliko wakati wowote. Nilipiga picha. Jumamosi nikaenda kwa Mzee, shikamoo, marahaba, maua ya mke wangu yanaendeleaje. Nikampa simu. Aliitazama, akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza chini kwenye majani. Nilisikia moyo wangu ukidunda masikioni. Akasema, "Mwaka huu majani ni safi. Umefanya nini?"

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja ingetosha. Nikasema, "Nimeyatunza."

Alifurahi mno. Alimwita muuguzi akamwonyesha: mke wangu aliyapanda haya, mwaka 1999, na tazama. Tangu siku hiyo picha ile imeonyeshwa ukumbini, kwenye meza ya chakula, kwa padri. Mzee amekuwa mtu mwenye maua.

Kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa, nami nimewaambia wagonjwa mambo yasiyo kweli. Mama wa miaka 90 aliyepoteza kumbukumbu akiuliza mume wake atarudi saa ngapi, na mume kafa zamani, simwambii amekufa. Ukimwambia, anafiwa upya, na kesho atauliza tena na kufiwa tena. Humwambia, "Hebu nieleze, ni mtu wa namna gani?" Tunazungumza hadi anatulia. Sioni dhambi hapo. Yule Mjerumani Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akibisha hodi kumtafuta rafiki yako usimdanganye. Namheshimu, lakini hakuwahi kufanya zamu ya usiku kwenye wodi ya wazee. Ila Mzee si mgonjwa wa namna hiyo. Ana uwezo wa kuujua ukweli, kuukasirikia, kuusamehe au kutousamehe. Nilipomficha nilimchukulia kana kwamba ameshapoteza akili, kwa sababu tu ameshapoteza miguu. Nadhani hilo ndilo linaloniuma kuliko suala la mimea. Kung'oa ningeweza kukutetea mbele yake. Nilichoogopa ni kwamba angeniuliza kwa utulivu, "Kwa nini hukuniuliza mimi?" na sikuwa na jibu.

Huenda yangeishia hapo, nikaendelea kubeba picha yangu. Lakini mwaka huu binti yake, anayeishi Ohio, alinipigia simu mwezi Agosti. Baba yake amemwambia habari za maua. Anakuja Septemba, anaomba apewe kichaka kimoja akapande kwake, ili watoto wake wawe na kitu cha bibi yao.

Nililala na jambo hilo siku tatu. Nikimpa miche mipya, atapata ua zuri lisilo na madoa na historia isiyo yake; uongo wangu utahamia Ohio, uzae, ugawanywe kwa wajukuu. Nikimpa kichaka cha nyuma, nitampelekea kuvu kwenye bustani ambayo sijawahi kuiona. Tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Sasa niende kumpa mtu samaki nikijua?

Nilimpigia. Nilimweleza yote, kuanzia mvua za Juni hadi neno "nimeyatunza". Alinyamaza kiasi kwamba nilidhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Lipi lina madoa?"

"La mama yako."

"Mama alikuwa akichuma yale majani mabaya kwa mkono," akasema. "Alikuwa na ndoo nyekundu. Alikuwa akitukana." Akacheka, kisha nadhani alilia kidogo. "Nipe hilo."

Nilimweleza namna ya kuishi nalo: jua la kutosha, nafasi ya hatua mbili kati ya mmea na mmea, maji shinani, majani yaliyougua yatolewe mapema kabla ya mvua kuyafikisha juu, mabua yaachwe kwa ajili ya ndege. Nilimwambia asiliweke karibu na Susan wengine wasio na kinga kama anao. Aliandika. Kuhusu baba yake alisema tu, "Hilo ni lako," nami nikaona ni haki.

Jana nilichimba kichaka cha nyuma. Nilikigawa mara mbili, nusu ya Ohio na nusu ibaki. Nilikata majani yote, yale meusi na hata yale mazima, nikayatia kwenye mfuko. Nikaosha udongo mizizini kwenye beseni, nikaifunga kwa gazeti lililoloweshwa, nikaiweka kivulini kwenye ndoo. Kabla ya kukata majani nilikipiga picha jinsi kilivyokuwa: maua matano kileleni, na chini ile kaptura iliyochanika.

Kesho ni Jumamosi. Simu ina picha mbili sasa. Nimezipanga, nikazipangua, na bado sijajua nitamwonyesha ipi kwanza.